Nani anachagua foto zetu?

Ndugu wachimba zahabu, wababa na wamama: mukisikia neno «komisere», wengi munawaza paka ule wa polisi. Iko mwingine, komisere wa maonyesho ya sanaa. Yeye ndiye anachagua kazi gani itundikwe ukutani, gani ibaki sandukuni, na maneno gani yaandikwe chini yake.

Zamani alikuwa mulinzi wa vitu: ufunguo, daftari, kupanguza vumbi. Ndivyo makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji, ililinda vitu vya Kongo tangu 1898, wenye vitu bila kuulizwa kwa miaka mingi. Leo komisere anaamua hadithi ya nani isikiwe. Hiyo ni nguvu, na nguvu inaombwa hesabu.

Wengine Kongo wameisha kuamka. Mu 2006 Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, alitia foto za zamani za wafanyakazi wa migodi juu ya foto za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Mu 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha na maonyesho ya Biennale ya Lubumbashi. Hawakungoja kuitwa, wao ndio wanaita makomisere. Kule Lusanga, wafanyakazi wa mashamba ya ngazi, kundi la CATPC, walionyesha sanamu zao Venice mu 2024, na siku zile zile katika kijiji chao. Franga za sanamu zimewasaidia kununua tena ardhi.

Na sisi? Zahabu ya Kilo-Moto inatoka kwa zaidi ya miaka 100. Wageni wanakuja, wanatupiga foto na matope mpaka shingoni, wanakwenda. Kule mbali wanaandika chini: «Mchimbaji, Ituri». Ule mutu iko na jina, iko na watoto, iko na deni ya mazuti ya pompe. Kama jina linafichwa juu ya usalama, tunaelewa. Lakini aulizwe kwanza.

Tunaomba mambo mawili: mchimba mwenyewe akae kwenye meza ya kuchagua, na maonyesho yafike Bunia na Mongbwalu pia.

Na sisi wenyewe tuanze. Musiuzishe taa ya mugodi kwa kilo ya chuma. Fungueni sanduku ya babu, muandike majina nyuma ya kila foto, wakati wanaowajua wangali wazima.