Mtoto ameomba dola 800 aanzishe startapu



Barua ya juma hili imetoka kwa mama wa hapa Lubumbashi anayeuza sombe na lengalenga katika soko la Kenya. Kikundi chao cha kuweka na kukopeshana kimemaliza mwaka, sanduku limefunguliwa, na fungu lake limefika dola 800 na kidogo. Mtoto wake wa pili, aliyemaliza chuo kikuu na anayekaa nyumbani tangu mwaka jana, aliijua siku ya kufungua sanduku (watoto huijua siku hiyo kuliko sisi wenyewe) na jioni ileile akaleta karatasi. Anataka kuanzisha startapu: programu ya simu ambayo mtu akiwa kazini ataagiza mboga, unga na makala sokoni, na kijana wa pikipiki atampelekea hadi mlangoni. Bei ya kuanza ni dola 800. Mama anauliza kama ampe au asimpe, kisha anaongeza: "Neno lenyewe silielewi, na sitaki kuwa mama aliyezuia bahati ya mtoto wake."

Tuanze na neno. Startapu ni kampuni changa inayojaribu kitu, au njia ya kuuza kitu, ambayo bado hakuna anayejua kama watu watailipia. Ikipata njia, inataka kukua haraka. Ukifungua duka la unga leo, ni biashara mpya lakini si startapu, maana mwendo wa unga tunaujua: bei ya mfuko, faida ya kila kopo, miezi ya njaa. Mwenye duka anahitaji mtaji. Mwenye startapu, kabla ya mtaji, anahitaji kujua kama kuna mtu atakayetoa feza mfukoni kwa ajili ya kitu chake. Vijana wengi wanaruka hatua hiyo, na wazazi ndio wanaolipia mruko huo.

Sasa twende Kenya ile nchi, Nairobi, mtaa wa maskini uitwao Mukuru. Huko Charlot Magayi alikuwa akiuza makala. Alizaa akiwa na miaka 16. Mwaka 2012 binti yake aliungua vibaya kwa jiko la makala, mbabula kama hizi zetu zinazokaa chini mlangoni ambapo watoto wanapita. Mwaka 2017 alianzisha kampuni, Mukuru Clean Stoves, inayotengeneza majiko kwa chuma kilichokwisha kutumika, majiko yanayotoa moshi kidogo. Desemba 2022 alipata tuzo ya Earthshot, pauni milioni moja za Uingereza. Kwa hesabu iliyotolewa wakati huo, jiko lake liliuzwa karibu dola 10, lilipunguza kwa nusu gharama ya moto wa kupikia, na watu 200,000 nchini mwake walikuwa wakilitumia.

Magazeti yaliipenda ile milioni. Mimi ninawaomba mwangalie zile dola 10. Mtu aliyeuza makala anajua nani ananunua mfuko mzima na nani ananunua kopo moja asubuhi na kopo jingine jioni kwa sababu feza ya siku haitoshi kwa mfuko. Jiko la dola 50, hata likiwa zuri namna gani, halitaingia katika nyumba ya yule wa kopo. Elimu hiyo haikai katika karatasi za chuo kikuu. Inakaa kwa yule aliyekaa nyuma ya meza sokoni, na katika nyumba ya huyu kijana, mtu huyo ni mama yake.

Mfano wa pili mnao mkononi kila siku. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005, na kazi yake ya kwanza haikuwa kutumiana feza. Vodafone na Safaricom walikuwa pamoja na shirika moja la mikopo midogo, na shabaha ilikuwa watu wa vikundi wapokee na kulipa mikopo yao kwa simu. Watu walipopewa kitu hicho wakakifanyia yao. Mmoja alimtumia jamaa aliye mbali, mwingine aliweka feza kwenye simu kabla ya safari ili asitembee nayo mfukoni, wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao. Wenye mradi wangeweza kuwakemea. Badala yake waliwaangalia, na ilipofunguliwa kwa wote mwezi wa tatu 2007 waliiuza kama njia ya kutuma feza nyumbani. Kwetu Kongo ilifika mwaka 2012 kwa Vodacom. Kwa hiyo kitu tunachokitumia leo kulipia watoto shule kilianza kama shida ya wamama na wababa wa mikopo midogo, watu wa namna yetu, na kikapata sura yake kwa sababu mtu alikubali kwamba wazo lake la kwanza halikuwa lenye nguvu zaidi.

Tuna wa kwetu pia. Washikala Malango na Iongwa Mashangao ni wana wa Kivu ya Kusini waliokimbia vita wakiwa watoto na kukulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwaka 2013 walianzisha Altech, kampuni ya kuuza taa za jua na mitambo midogo ya umeme wa jua hapa Kongo. Taa ya jua hawakuivumbua wao, ilikuwapo. Tatizo lilikuwa kwamba mwenye kuihitaji, yule anayesomesha watoto kwa taa ya kopo, hana bei yake yote kwa siku moja, ila kila juma anatoa kidogo kwa mafuta ya taa. Basi wakamruhusu alipe taa kidogo kidogo. Jambo jipya lilikuwa katika kulipa. Mama aliyekaa katika likelemba miaka kumi hahitaji mwalimu wa kumfundisha hilo. Tunalifanya kwa sufuria na vitenge.

Kuna mfano mwingine ambao vijana wanaupenda sana: wale maroboti wa Kinshasa wa kuongoza magari, wenye nguvu ya jua, waliowekwa mara ya kwanza mwaka 2013. Ni kazi ya mhandisi Thérèse Izay na chama chake cha wanawake wahandisi. Ninajivunia kama ninyi. Lakini kila roboti wa zile za 2015 ilitajwa kuwa ya dola 27,500, na anayeweza kununua kitu cha kusimama njia panda ni mji au serikali. Mnunuzi mmoja, mfuko mmoja, na akichelewa kulipa huna mwingine wa kumwendea. Kazi ya namna hiyo isifanywe kwa fungu la sanduku la wamama.

Turudi kwa mama wa sombe. Mama, usimpe dola 800. Usimfukuze pia. Wazo lake si baya. Watu wanaotoka kazini saa kumi na mbili bila mboga wapo wengi. Mwulize swali moja: ni nani amekwisha kulipa? Kama hakuna, programu ingoje. Ana simu, ana WhatsApp. Kwa majuma mawili awatafute watu kumi wa ofisi na shule, apokee maagizo kwa ujumbe tu, achukue mboga kwenye meza yako na za jirani zako, apeleke. Kwa jaribio hilo dola 40 zinatosha, na utajifunza mengi kuliko katika karatasi yake.

Halafu mkae pamoja mfanye hesabu, wewe na kalamu, yeye na kalamu. Tuseme baada ya kumlipa wa pikipiki anabaki na nusu dola kwa kila mzigo. Ili dola 800 zirudi, anatakiwa kupeleka mizigo 1,600. Akipeleka 10 kwa siku, siku sita kwa juma, hiyo ni zaidi ya miezi sita, na hapo hajala bukari hata moja kwa jasho lake, hajanunua megabaiti, na hatujahesabu nyanya zilizopondeka njiani, mvua, na yule mteja anayesema "nitalipa kesho". Labda ataona kwamba mizigo ya mboga haifai na mizigo ya makala na unga ndiyo yenye faida. Labda ataona wanaoagiza zaidi ni wenye mikahawa wala si watu wa ofisi. Akiyaona hayo kwa dola 40, amefanya kazi ya mwenye startapu kweli. Akiyaona kwa dola 800, mwaka wako wote wa kuweka akiba umekwenda.

Kitu cha kuangalia ni juma la tatu. Idadi ya wanaomsifu kijana haisemi kitu, kwa kuwa watu wa hapa wana adabu na watamsifu tu. Hesabu walioagiza tena bila kupigiwa simu. Kama ni saba kati ya kumi, mwongezee, tena kwa hatua. Kama ni wawili, abadilishe kitu kimoja na ajaribu tena kwa feza ileile iliyobaki.

Chochote utakachompa kitoke katika fungu lako, kamwe kisitoke katika sanduku la kikundi. Tena kiandikwe. Ninajua wapo watakaosema kwamba feza ya mtoto haiandikwi. Mimi sikubaliani nao. Andikeni kama ni mkopo, na atarudisha lini. Au kama ni ubia, na mama anapata fungu gani faida ikija. Dada na kaka zake waione hiyo karatasi, kwa maana hao ndio watakaouliza baadaye kwa nini yeye alipewa.

Mambo ya serikali yasimtishe. Tangu Septemba 2022 nchi yetu ina sheria ya kutegemeza wajasiriamali na startapu, na kuandikisha biashara kunafanyika kwa guichet unique. Ila aende huko baada ya kupata wateja wanaorudi. Nanyi wamama mnaotaka kuanzisha kitu kwa jina lenu, kumbukeni kwamba Code de la famille ilibadilishwa kwa sheria ya Julai 2016, na ile ruhusa ya mume iliyokuwa ikitakiwa zamani iliondolewa. Bado wenzi wanapaswa kupatana juu ya mambo yanayowafunga, mke na mume vilevile. Mkiambiwa dirishani mlete barua ya mume, ulizeni ni kifungu gani.

Mama wa sombe, utuandikie juma la tatu likiisha, utuambie ni wangapi walioagiza tena.