Chumba cha kupangisha au dirisha la mtoto?

Katikati ya miji ya Jakarta, Surabaya na Yogyakarta nchini Indonesia, familia nyingi huishi katika mitaa inayoitwa kampung. Shambani neno hilo lina maana ya kijiji. Mjini ni mtaa wa nyumba zilizobanana, zilizotenganishwa na vichochoro ambavyo pikipiki mbili hupishana kwa taabu.

Viwanja ni vidogo lakini vina thamani, kwa sababu kazi, soko, shule na hospitali viko karibu. Wanafunzi na vijana walioanza kazi hutafuta vyumba huko, na mwenye nyumba akipata akiba kidogo hushawishika kuongeza ghorofa, kugawa vyumba na kuvipangisha kwa mwezi. Vyumba hivyo huitwa kos. Kwa familia nyingi, kodi ya kos ndiyo inayolipa ada ya shule, umeme na mchele.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Uwazi wa nyuma uliokuwa ukiingiza jua na upepo unafunikwa ili kupata chumba kingine. Dirisha la watoto linatazamana na ukuta mpya. Wapangaji wanaongezeka, lakini shimo la choo ni lile lile. Kodi inaonekana kila mwisho wa mwezi. Gharama yake huchelewa kuonekana, na mara nyingi anayeilipa ni mtoto.

Hewa isiyotoka

Ripoti za Shirika la Afya Duniani za 2023 na 2024 ziliiweka Indonesia nafasi ya pili duniani, baada ya India, kwa wingi wa wagonjwa wapya wa kifua kikuu. Vimelea vya ugonjwa huo husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, na hukaa muda mrefu zaidi katika chumba kisicho na dirisha. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiambukizwa, ugonjwa unaweza kumshika kwa ukali, hata kufika kwenye ubongo.

Kwa hiyo dirisha si pambo. Mgonjwa akipatikana ndani ya nyumba, awe ndugu au mpangaji, watoto wanaoishi naye wanahitaji kupimwa, na dawa ya kinga ipo kwa ambao hawajaugua. Kumfukuza mpangaji anayekohoa hakusaidii, kwani ataondoka bila tiba na aliowaambukiza watabaki hawajulikani.

Kisima na choo

Kaya nyingi za kampung huvuta maji ya ardhini kwa pampu. Kanuni za ujenzi za Indonesia zinataka shimo la maji taka liwe angalau mita 10 kutoka kwenye kisima. Katika kiwanja chenye upana wa mita 3 au 4, umbali huo ni mgumu kupatikana, na hata anayeupata huenda shimo la jirani liko nyuma tu ya ukuta wake.

Maji yanaweza kuonekana safi na bado yakawa na vimelea vya kinyesi. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui vizuri, hata kama sahani yake imejaa. Mwenye nyumba anayepanga kuongeza wapangaji 6 anapaswa kwanza kuuliza kama bomba la maji la mji linafika kwenye kichochoro chake, na shimo la choo lilinyonywa lini mara ya mwisho.

Mbu na moto havijui mpaka

Mbu wa dengue huuma mchana na hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, likiwamo birika la kuogea ambalo ni la kawaida katika bafu za Indonesia. Familia hufundishwa kulisugua birika hilo kila wiki, kufunika vyombo vya maji na kuondoa makopo yanayokinga mvua. Wapo pia wakaguzi wa mtaa wanaopita nyumba kwa nyumba wakiangalia viluwiluwi.

Mjini Yogyakarta watafiti waliachia mbu waliobeba bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye huzuia virusi vya dengue kukua ndani ya mbu. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa maeneo yaliyopata mbu hao yalikuwa na wagonjwa wachache wa dengue kwa asilimia 77. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na nyumba moja. Mtaa mzima ulipaswa kukubali.

Moto nao ni hivyo hivyo. Katika wilaya kama Tambora, Jakarta Magharibi, ambako nyumba zinagusana, hitilafu ya umeme katika chumba kimoja inaweza kuteketeza safu nzima kabla gari la zimamoto halijapata njia. Kila chumba cha kos huleta feni, jiko la wali na chaja kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya familia moja.

Hati kabla ya matofali

Anayetaka kununua nyumba huko aanze na karatasi. Nyumba nyingi za kampung ziliuzwa kwa girik, yaani hati ya zamani ya kodi ya ardhi, ambayo si hati miliki. Kanuni ya 2021 iliwapa wenye hati za namna hiyo miaka 5 kuzisajili.

Kwa mgeni, sheria ya ardhi ya 1960 inasema umiliki kamili ni wa raia wa Indonesia. Mgeni anayenunua kwa kutumia jina la rafiki au mwajiriwa anajiweka hatarini: mauzo hayo ni batili, ardhi huangukia serikalini na fedha aliyolipa hairudi.

Mtaji ulio nje ya mlango

Mwaka 1969 Jakarta, ikiongozwa na gavana Ali Sadikin, ilianza mpango wa kuboresha kampung badala ya kuzibomoa. Vichochoro viliwekwa sakafu, mifereji ikachimbwa, vyoo na zahanati vikajengwa, na watu wengi wakabaki walipo. Mpango huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo 1980. Vichochoro vilipopitika na mifereji kutiririka, familia zenyewe zilitumia fedha zao kuimarisha nyumba.

Mtaa wenye uhai hujulikana kwa mambo madogo. Kiongozi wa RT, anayefanana na mjumbe wa nyumba kumi, anawajua wapangaji wapya. Wanawake hucheza arisan, upatu wao, na fedha yake huweza kutengeneza paa au choo. Mara moja kwa mwezi wahudumu wa kujitolea hufungua posyandu, ambako watoto hupimwa uzito na kupata chanjo hatua chache kutoka nyumbani. Mnunuzi makini huuliza habari hizo kama anavyouliza bei.

Basi wazazi wanaokaa usiku na kalamu wakihesabu vyumba wanaweza kuongeza safu nyingine kwenye karatasi yao: upepo unaingia wapi, maji yanatoka wapi, uchafu unakwenda wapi, na moto ukiwaka watoto watatokea wapi. Safu hiyo ikibaki tupu, chumba kimoja kiachwe. Kodi yake itakosekana kila mwezi, na familia italihisi pengo hilo. Lakini kodi ya mwaka mzima inaweza kumezwa na kitanda kimoja cha hospitali na siku za kazi ambazo mzazi amekaa kando yake.