Neno la Mhariri: Usukani Mzito

Msomaji wa Mugumu, Serengeti, au wa Nyamongo, Tarime, ana haki ya kutuuliza kwa nini toleo hili linaanza na tanga. Tarime imebaki bila ufukwe wa Ziwa Victoria tangu Rorya ilipomegwa mwaka 2007, na Serengeti haina. Lakini samaki wa mezani kwao hutoka huko, na ziwani mitumbwi ya tanga bado ipo, petroli ikiwa ghali kama ilivyo.

Hoja yetu: usukani unaochosha mkono haufai kushindana nao. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikikazana kugeukia upepo, mshika usukani huvuta kuirudisha, na ubao wa usukani uliokaa kombo majini unakuwa breki. Safari inachelewa, naye anafika mkono umekufa ganzi, watu wakimsifia nguvu. Sisi hatumsifii.

Mkulima wa Tarime analijua jambo hili kwa plau. Mnyororo ukifungwa pasipo pake, jembe hukimbilia pembeni. Dawa ni kuuhamisha mnyororo, si kutafuta kijana mwenye misuli. Tanga nalo lina mahali linapovutia, na ubavu wa chombo ulio majini una mahali unapopingia. Mvuto ukikaa nyuma mno ya pingamizi, tezi, yaani sehemu ya nyuma, husukumwa upepo unakokwenda na omo huelekea unakotoka.

Basi dawa ianzie juu. Mlingoti wa jahazi la pwani umeinamia mbele, na foromali yake, mti unaobeba tanga, husogezwa; mvuto unahamia omo. Tanga lililochakaa likafanya tumbo upande wa nyuma halina budi kushonwa upya, hata kama bado halijatoboka. Demani, kamba ya kukazia tanga, ilegezwe kidogo. Kisha tazama shehena: ikirundikwa omo, omo huzama na kushika maji, tatizo linakua. Na chombo kilicholala ubavu hujigeuza kwenye upepo hata tanga likiwa sawasawa, kwa hiyo watu wahamie upande wa juu, na upepo ukizidi, tanga lipunguzwe mapema. (Hapa ndipo ubishi wa vijana huanzia.)

Uzito wote wa usukani usiondolewe, lakini. Chombo chenye uzito kidogo usukanini, mtu akiteleza akaachia usukani, hugeukia upepo kikasimama. Kisicho nao kabisa kinaweza kugeuka kukimbia na upepo, tanga likapigwa ghafla upande wa pili na watu wakatupwa majini.