Wanaopima maoni ya mtandaoni, Pangani wanaihesabu wapi?

"Watanzania mtandaoni wamekasirika." Ripoti ikiandika hivyo, mkazi wa Pangani, Kibaha, ana haki ya kuuliza: mimi mlinihesabu lini?

Hesabu zenyewe zipo, na zikifanywa vizuri zinafichua mengi. Septemba 2021, Odanga Madung na Brian Obilo walitoa kupitia Mozilla ripoti kuhusu kampeni za kuwachafua majaji na wanaharakati nchini Kenya, wakati wa mvutano wa BBI. Data za Twitter zilichambuliwa kwa programu: nani kaandika, saa ngapi, nani kasambaza ya nani. Zikaonekana twiti zaidi ya 23,000 kutoka akaunti zaidi ya 3,700. Kumbe kilichoonekana kama hasira ya umma kilikuwa kibarua. Washiriki walilipwa dola 10 hadi 15, na maelekezo walipewa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hapo kwenye WhatsApp ndipo penye kazi. Programu ya mtafiti haiingii humo. Waliosimulia ni watu wenyewe. Na Pangani iko humo humo: grupu la mtaa, la kikoba, la wazazi wa shule. Maji yakikatika au nauli ya Mbezi ikipanda, malalamiko yanaishia kwenye grupu. Anayechota data za X peke yake hayaoni.

Hata akiyaona, kompyuta itayaelewa? Shabiki akisema straika wake ni "hatari", anamsifu. Mama akiandika "hongereni sana, siku ya nne maji hakuna", hapongezi mtu. Programu isiyolelewa na Kiswahili cha mtaani inageuza yote mawili. Mifano ya kuifundishia nayo ni michache: mkusanyo wa AfriSenti wa mwaka 2023, wenye lugha 14 za Afrika, una twiti zaidi ya 22,000 za Kihausa. Za Kiswahili ni kama 3,000 tu. Lugha kubwa hivi!

Milango nayo inafungwa. Mwaka 2023 Twitter iliondoa njia ya bure ya watafiti kuchukua data. Agosti 2024 Meta ikafunga CrowdTangle, iliyowasaidia kufuatilia Facebook. Tanzania nako X ilizuiwa Mei 2025, kwa hiyo wanaobaki humo ni sehemu ndogo zaidi ya wananchi.

Kujipenyeza kwenye magrupu kimya kimya si jibu, maana namba na majina ya watu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtafiti anayetaka kujua Pangani inalalamikia nini itabidi apande gari, aombe ruhusa ya wenye grupu, na programu yake aiwashe baada ya hapo.