Ikwiriri: Mji Uko Juu, Riziki Iko Bondeni



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara huijua Ikwiriri kwa dirisha la basi. Basi husimama, wachuuzi hulizunguka na korosho, maembe na samaki wa kukaanga, kisha safari huendelea. Muda mfupi baadaye abiria huinua vichwa kulitazama Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, na mto Rufiji uliotanda chini yake. Wengi hudhani kwamba kwanza wameuona mji, kisha wameuona mto. Kwa mwenyeji hivyo si vitu viwili. Nyumba yake, msikiti wake, duka na shule ya watoto viko juu, penye ardhi kavu. Chakula chake kiko chini, bondeni, na kila mwaka humlazimu kupiga hesabu upya ya lini ashuke na lini apande.

Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, uvukaji ulikuwa wa kivuko pale Ndundu. Mto ulipofura, safari ya kusini ilisimama, na mtu aliyekuwa na mgonjwa au maiti ya kusafirisha alibaki kuyatazama maji. Hakuna anayezitamani siku zile.

Utaratibu wa kilimo cha bonde hilo ni wa zamani na una akili nyingi kuliko wageni walivyodhani. Mpunga hupandwa mapema, ili maji ya masika yakija yaukute umeshasimama na uweze kupanda pamoja nayo. Maji yakiwahi, huzamisha miche. Yakichelewa, jua huichoma. Yakishapungua huacha tope jeusi lenye rutuba na unyevu, na hapo, mnamo mwezi wa Juni, watu hupanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja tone la mvua. Kilimo hicho cha baada ya maji Warufiji hukiita mlau. Kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kukuvunja kwa mpunga ukakuinua kwa mlau. Mkulima mwenye busara hawi na shamba mahali pamoja. Huwa na kipande cha juu na kipande cha chini, ili maji yakimnyang'anya huku yamwachie kule. Mafuriko hayohayo huingia katika maziwa ya bondeni, kama Ruwe, Uba na Zumbi, yakaleta samaki wapya. Ukikuta perege na kambale wengi sokoni, ujue yako maji yaliyopanda vizuri miezi mingi iliyopita.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliendesha operesheni ya kuwahamisha watu kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ardhi ya juu. Nia ilikuwa usalama, na pia shule, zahanati na visima. Hayo yalipatikana, na miji kama Ikwiriri ikakua. Lakini mashamba hayakuhamishwa. Tangu hapo familia ya Mrufiji imekuwa na makao mawili: nyumba ya mjini, na dungu la shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambamo watu hulala wakilinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani, ndege na viboko.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili hugusa malezi. Msimu wa kulinda ukifika, baba na mama hushuka, na watoto hushuka nao. Mtoto wa miaka tisa ni mlinzi mzuri wa ndege. Ana sauti, ana mbio, halali mchana. Lakini siku anazopiga kelele dunguni ni siku ambazo jina lake linaitwa darasani bila kuitikiwa, na jioni madrasa inampita vilevile. Akirudi mjini baada ya wiki nyingi wenzake wameshatangulia, naye huona haya, na haya ikizidi huacha kabisa. Walimu huwalaumu wazazi kwamba hawapendi elimu. Lawama hiyo mimi siikubali. Mzazi anayeona kundi la kwelea likishuka juu ya chakula cha mwaka mzima hachagui kati ya elimu na ujinga. Anachagua kati ya njaa na shule, na njaa iko karibu zaidi.

Hata hivyo kuna nafasi ya kupanga. Nyumba yenye bibi au shangazi mjini ina hazina. Watoto wabaki naye, na sehemu ya mavuno iwekwe kwa ajili yake tangu mwanzo, isiwe hisani ya baadaye. Nyumba isiyo na mtu huyo inaweza kushirikiana na jirani: zamu hii mimi nibaki na wanao, zamu ijayo wewe ubaki na wangu, na mashamba yalindwe kwa ujirani huohuo. Gharama ipo, maana mikono ya kulinda itapungua na ndege watakula zaidi. Nasema gharama hiyo inastahili kulipwa. Na ikiwa ni lazima mmoja ashuke, asiwe kila mara yule binti, eti kwa kuwa atapika pia.

Jambo la pili ni la sokoni, na limefichika zaidi. Miezi ya njaa, mpunga ukiwa bado kijani, hutokea mtu na fedha mkononi. Anampa mkulima kiasi fulani leo, na makubaliano ni magunia kadhaa wakati wa mavuno. Mkulima ana mtoto anayeumwa au ada inayodaiwa, hupokea. Wanachuoni wetu wameueleza wazi uuzaji wa salam, ambao fedha hutangulia na bidhaa hufuata, na masharti yake yanafahamika: bei ilipwe yote palepale, aina ya bidhaa ijulikane, kipimo kijulikane na siku ya kukabidhi ijulikane. Sasa tazama linalofanyika. Gunia lililotajwa wakati wa njaa lilikuwa gunia. Gunia linalokuja wakati wa mavuno ni lumbesa, limeshonewa kilemba juu mpaka halifungiki. Wakala wa Vipimo umekwisha kuipiga marufuku lumbesa, na sheria ya nchi inajulikana. Lakini hata bila askari wa vipimo, kipimo kilichobadilika baada ya kupeana mikono kimeuondoa mkataba mahali pake. Mume na mke wakae pamoja kabla ya kupokea fedha hiyo, waandike kilo badala ya magunia, na wawepo mashahidi. Mke asifichwe, kwani jasho lake limo katika mpunga ule.

Tena, mke huyo mara nyingi ana akiba ambayo mume haihesabu. Mikeka ya Rufiji inajulikana pwani yote. Ukindu hukatwa, hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, ndipo ukili ushonwe kuwa mkeka. Kazi hiyo hufanyika usiku, barazani, au kulekule dunguni mchana wa kulinda. Ni wiki za vidole, kisha mnunuzi wa mjini huja akataka apunguziwe kana kwamba ukili umejisuka wenyewe. Ukinunua mkeka wa harusi ya mwanao, ndugu msomaji, uliza umesukwa kwa muda gani kabla hujataja bei yako.

Lililobaki ni maji yenyewe. Juu ya mto sasa liko Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kuzalisha umeme mapema 2024. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo mvua zilikuwa kubwa mno, na maji yakafunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, Muhoro ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Bwawa ni la taifa, na umeme wake huwasha taa mpaka mbali na bonde hili. Lakini elimu ya mkulima, ile ya kutazama mawingu na rangi ya maji akajua apande kipande cha juu au cha chini, ilitegemea mto usio na mlango. Leo mlango upo, na ufunguo hauko mikononi mwake. Ratiba ya kufungulia maji ingetangazwa mapema kila msimu, redioni, kwenye mikutano ya vijiji na baada ya swala ya Ijumaa, ingekuwa pembejeo kubwa kuliko mbolea. Mama anayengoja Juni ili apande mlau anahitaji kujua mambo mawili tu: maji yatafika lini shambani kwake, na yatakaa siku ngapi.