Dodoma si viwanja tu, jamani

Wadau, kila anayesikia kuwa mimi ni mwandishi wa gazeti na niko Dodoma huniuliza swali moja: "Viwanja huko vinauzwaje?" Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza bei ya kilo ya zabibu.

Naelewa sababu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, ukalala zaidi ya miaka 40. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali inahama kweli, 2018 Dodoma ikawa jiji, na tangu 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar kwa saa chache tu. Aliyenunua Ihumwa mapema kapata, nani atabisha?

Lakini kiwanja kilichozungushiwa ukuta kikaachwa kiote majani hakimwajiri mtu. Anafaidi mwenye nacho siku ya kuuza, basi. Kwa maoni yangu fursa ya Dodoma iko kwenye mazao, hasa kwenye kile kinachofuata baada ya kuvuna.

Chukua zabibu. Hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati huko Ulaya wanakosifika kwa mvinyo huvuna mara moja. Nenda Mpunguzi, Hombolo au Chinangali ujionee. Tatizo ni kwamba zabibu ikishaiva haisubiri. Mkulima asiye na chumba cha baridi wala tangi la kuhifadhia mchuzi wa zabibu ana mawili: auze kwa bei anayotaka mnunuzi, au aache zioze shambani. Mwenye tangi anakamua, anahifadhi, kisha anajadiliana bei bila presha.

Alizeti ni hivyo hivyo. Nchi inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, huku mkulima wa Kongwa akiuza mbegu kwa gunia. Anayekamua anapata mafuta, na mashudu anauza kwa wafugaji.

Wapo watakaosema tusubiri wawekezaji wakubwa. Kongwa walishakuja. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, wakilenga ekari zaidi ya milioni 3 pamoja na Urambo na Nachingwea. Wagogo wa pale walikuwa wakilima mtama na uwele kwa sababu wanaijua mvua yao. Hawakusikilizwa. Udongo ukikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikagoma, na 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Hela walikuwa nazo, mashine walikuwa nazo.

Ndiyo maana naona bora tuanze wenyewe, kidogo kidogo. Vijana watano wanaochanga hela ya kiwanja wanaweza kukaa na chama cha ushirika cha wakulima, wakaanza na mashine ya kukamua au matangi mawili matatu. Si rahisi. Kuna umeme, vifungashio, nembo ya TBS, na benki zetu zinaipenda hati ya kiwanja kuliko zabibu iliyo shambani. Hapo ndipo serikali isaidie: jiji linapopima viwanja vya makazi, litenge na vya viwanda vidogo karibu na mashamba, na mkataba wa mauzo ya mazao ukubalike kama dhamana ya mkopo.

La sivyo tutakuwa na jiji la kuta nzuri, na mkulima wa Hombolo atabaki alivyo.

Mnasemaje wadau? Naomba kuwasilisha.