Marlin, Winchester au Henry? Swali Lisilomsaidia Mkulima wa Kitui na Makueni

Tembo wakivuka kutoka Tsavo Mashariki na kuingia mashamba ya Ikutha na Kanziko, au wakiteremka upande wa Kibwezi na Mtito Andei, mjadala huzuka palepale sokoni: serikali ingeturuhusu bunduki, tungenunua ipi? Video za wawindaji wa Marekani zimeshatia majina vinywani mwa vijana. Marlin. Winchester. Henry. Ni bunduki za kaliba kubwa zinazokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio, zile za sinema za makauboi. Mtu aliyelala na ekari mbili za ndengu akaamka na mabua yaliyokanyagwa ana haki ya kukasirika. Ila hoja anazouziwa kuhusu bunduki hizi ni mbovu, na mojawapo yaweza kumuua.

Hiyo ya kuua ndiyo nianze nayo. Inadaiwa kwamba Marlin ya .45-70 ni sawa na .458 Winchester Magnum, bunduki ya tembo inayojulikana Afrika nzima, kwa kuwa risasi zake zina kipenyo kilekile, inchi 0.458. Kipenyo ni kweli kimoja. Lakini .45-70 ilibuniwa mwaka 1873 kwa ajili ya jeshi la Marekani, enzi za baruti nyeusi, na risasi yake ya greni 405 ilitoka mtutuni kwa mwendo wa futi 1,300 hivi kwa sekunde. Ile .458 ilitoka mwaka 1956, ikirusha greni 500 kwa mwendo unaozidi futi 2,000. Piga hesabu ya nguvu na utapata tofauti ya karibu mara tatu. Siku hizi zipo risasi za .45-70 zenye baruti kali zaidi, zinazoziba sehemu ya pengo hilo, lakini hazilifuti.

Na tembo hapimwi kwa upana wa tundu. Ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene uliojaa vijipango kama sega la nyuki, na risasi isiyopenya hadi ndani humwachia maumivu na ghadhabu tu. Kinachopenya ni risasi ngumu, isiyofunguka, yenye uzito na mwendo wa kutosha. W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, nyembamba kuliko zote ninazozitaja hapa. Alijua ubongo ulipo, awe amemkabili tembo kwa mbele, ubavu au nyuma, na alichagua mchana wake na umbali wake. Mkulima wa Mutomo angefyatua usiku, tochi ikiwa kwapani, watoto wakilia nyumbani. Hakuna chapa inayomfidia hilo.

Wanaosifu Marlin na Henry husahau pia jinsi zinavyobeba risasi. Zimelazwa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali, mshtuko wa bunduki waweza kuilipua ile ya mbele ikiwa bado bombani. Ndiyo sababu hutumia risasi zenye ncha bapa, na ncha bapa hupoteza mwendo upesi hewani. Kwa kulungu na dubu wa misitu ya Marekani, kwa umbali mfupi, hilo halina shida. Nina jamaa huko wanaowinda kihalali, na kwao swali la Marlin au Henry ni swali halisi: Marlin hujazwa kwa ubavuni, Henry za mtindo wa awali zilijazwa kwa kuchomoa bomba upande wa mbele, na za karibuni zimeongezewa mlango wa ubavuni. Marlin imepita mikono kadhaa, kutoka Remington hadi Ruger, iliyoinunua mwaka 2020, kwa hiyo anayenunua iliyotumika aulize ilitengenezwa lini na nani.

Halafu huja Roosevelt. Watu husema Winchester imeshajaribiwa hapahapa Ukambani, na Rais mstaafu wa Marekani. Ni kweli Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester ya mwaka 1895, kaliba .405, na akawinda simba katika nyika za Kapiti na Kitanga, upande wa Machakos. Kwa simba aliisifu mno. Bunduki hiyo, iliyosanifiwa na John Browning, haina bomba. Ina kasha la risasi chini, hivyo hata ncha kali hubebwa salama. Ni kazi nzuri ya ufundi.

Lakini tembo wake wa kwanza, kwenye msitu wa Mlima Kenya, Roosevelt hakumpiga kwa Winchester. Alimpiga kwa Holland & Holland ya mitutu miwili, risasi zote mbili. Papo hapo tembo wa pili akatoka kichakani na kumjia, bunduki ikiwa tupu, akajificha nyuma ya mti hadi mwenzake R.J. Cuninghame alipofyatua na kumgeuza. Hapo mtetezi wa wenzo atasema: kama angekuwa na bunduki ya wenzo, risasi ya tatu ingekuwepo. Namkubalia. Wenzo hukoka haraka na hubeba risasi nyingi. Ila kilichomwokoa Roosevelt ni mtu wa pili mwenye uzoefu, aliyesimama hatua chache kutoka kwake.

Dai linalonikera zaidi ni kwamba Mkamba alishindwa na wanyama kwa sababu alikuwa na upinde tu. Mkamba hakushindwa. Kwa utomvu wa msunguti uliochemshwa hadi ukawa lami nyeusi, mshale wake ulisimamisha moyo wa tembo bila kelele, na sumu ilifungwa kwa ngozi isikauke hadi saa ya kuitumia. Miaka ya 1950 ujuzi huohuo wa Wakamba na majirani zao Waliangulu ulitosha kumpa David Sheldrick, msimamizi wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, na askari wake kazi ya miaka ya kupambana na ujangili. Iwapo tatizo lingekuwa upungufu wa uwezo wa kuua, Ukambani pangekuwa mahali pa mwisho kulipata.

Linabaki la J.A. Hunter. Kati ya 1944 na 1946, akiwa mtumishi wa idara ya wanyama ya serikali ya kikoloni, aliua faru karibu 1,000 Makueni ili watu wahamishiwe huko. Wapo wanaosema: mbona iliwezekana? Iliwezekana kwa sababu faru hukaa mahali pake na huzaa polepole. Ukimmaliza, hakuna mwingine anayekuja. Tembo anatoka hifadhi ya jirani iliyojaa wenzake. Hunter mwenyewe, katika kitabu chake, alijiuliza kama ekari zile zilistahili gharama hiyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya nzima ilibakiwa na faru weusi wasiofika 400.

Kuhusu sheria sina mengi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuurudisha. Sheria hiyohiyo iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, milioni 3 kwa anayepata ulemavu wa kudumu, na ikaunda kamati katika kila kaunti za kupokea madai, ya mazao pia. Malipo yanachelewa kwa njia inayoaibisha, na hapo ndipo kelele zetu zingepaswa kuelekea.

Na kinga isiyohitaji bunduki ipo. Kule Sagalla, Taita-Taveta, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, mmoja kila baada ya mita kumi, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya usiku, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Si kila tembo hurudi nyuma, lakini wengi hurudi, na asali inauzwa. Wakamba wamefuga nyuki tangu enzi za mababu, na waya unapatikana Kitui mjini.